Arifa ya Arusi ya Wazazi: Desturi ya Kifaransa na Tatizo la Kuifasiri

Miongoni mwa maombi tunayoletewa na wafasiri, lilikuwamo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilionekana dogo mno, lisilostahili kupotezewa kikao. Mfasiri mmoja wa Dar es Salaam alikabidhiwa kadi ya Kifaransa yenye mistari tisa, aitafsiri kwa Kiswahili. Kadi ilitoka kwa familia inayokaa Lyon, nchini Ufaransa. Baba ni mzaliwa wa Lubumbashi na mama ni mtu wa Kigoma, nayo ilikusudiwa kuwafikia jamaa wa pande zote mbili. Waliokuwa wakinena katika kadi hiyo ni watoto watatu, na habari waliyoitoa ni kwamba baba yao na mama yao wanaoana.

Rasimu ya mfasiri ilisema hivi: "Hatimaye! Tunayo furaha kuwaalika katika sherehe ya kuhalalishwa kwa ndoa ya wazazi wetu." Hakuna neno hapo lisiloweza kutetewa kwa kamusi. Hata hivyo mfasiri mwenyewe hakuridhika, kwa kuwa alipomsomea bibi mmoja jirani yake, bibi huyo alimkatiza kwa kuuliza, "Kwani siku zote hizo walikuwa wakiishi vipi?" Swali hilo ndilo lililotusukuma kuitazama historia ya kadi yenyewe kabla ya kutoa maneno, maana tuliona wazi kwamba kosa haliko katika neno moja tu.

Wafaransa huiita kadi ya namna hii *faire-part*. Jina hilo limetokana na usemi wao wa kumpa mtu sehemu ya habari, yaani kumshirikisha jambo lililomfika mwenye habari, liwe la heri au la msiba. Kwa sababu hiyo jina hilohilo hutumika kwa kifo na kwa kuzaliwa kwa mtoto pia. Ifahamike tangu mwanzo kwamba *faire-part* si mwaliko. Hiyo humjulisha mtu kwamba ndoa inafungwa, au hata kwamba imekwisha kufungwa, na anayeipokea hadaiwi kuhudhuria. Mwaliko wa karamu huwa ni kadi nyingine ndogo inayotiwa ndani ya bahasha ileile kwa wale tu watakaokaribishwa mezani. Kwetu Tanzania kadi moja hufanya kazi zote mbili, tena mara nyingi hutanguliwa na kadi ya mchango, ambayo Mfaransa angeshindwa kuielewa kabisa. Basi mfasiri aliyeandika "tunayo furaha kuwaalika" mahali pa kuarifu amekwisha kuwaita watu karamuni kwa niaba ya wenye arusi, na gharama si yake.

Umbo la kadi hiyo lilipata kanuni imara katika karne ya kumi na tisa, wakati vitabu vya adabu vilipouzwa kwa wingi miongoni mwa watu wenye nafasi. Kilichojulikana sana ni *Usages du monde*, kilichochapwa mwaka 1889 na mwandishi aliyejiita Baronne Staffe. Desturi iliyoenea ilikuwa ya kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa mmoja walinena wazee wa bibi arusi, na wa pili wazee wa bwana arusi. Mababu na mabibi wakitangulia, wazazi wakifuata. Kila upande uliarifu kwa maneno ya kwamba wana heshima ya kukushirikisha habari ya ndoa ya mjukuu wao, mtoto wao.  

Kanuni hizo hazikuwa madaha matupu. Nyuma yake palikuwa na sheria. Kodi ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimkataza mwanamume aliye chini ya miaka 25 na mwanamke aliye chini ya miaka 21 kuoa au kuolewa bila ridhaa ya wazazi. Na wazazi wakiwa wamefariki, ridhaa ilitafutwa kwa mababu. Ni katika mwaka 1907 tu ndipo umri huo ulipoteremshwa kuwa miaka 21 kwa wote wawili. Hivyo aliyetangaza ndoa katika kadi ndiye yuleyule aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Mjane aliyeolewa tena hakuhitaji mtu wa kumsemea. Kwa desturi yeye na mwenzake waliarifu kwa majina yao wenyewe. Katika utaratibu mzima huo, hapakuwa na nafasi iliyotengwa kwa mtoto kumtangaza mzazi wake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wazazi waliooana baada ya kupata watoto hawakuwapo. Walikuwapo tangu kale, na Kanisa lilikwisha kuwawekea njia. Papa Alexander III, aliyekalia kiti kuanzia mwaka 1159 hadi 1181, aliamua kwamba nguvu ya ndoa ni kubwa kiasi cha kuwafanya watoto waliozaliwa kabla yake wahesabiwe kuwa watoto wa ndoa hiyo. Nchini Ufaransa uamuzi huo ulipata ishara ya kuonekana kwa macho. Wakati wa kubarikiwa, kitambaa kilitandazwa juu ya maarusi, na watoto wao waliokwisha kuzaliwa waliwekwa chini ya kitambaa hicho pamoja nao. Ndugu msomaji, hebu mtazame huyo mtoto: yumo arusini, tena mahali pa heshima kabisa, lakini hasemi neno. Anafunikwa, anafunuliwa, na hadhi yake imebadilika.

Baada ya Mapinduzi, ndoa ilitolewa mikononi mwa Kanisa. Sheria ya tarehe 20 Septemba 1792 iliipeleka kwa maofisa wa serikali, na mpaka leo ndoa yenye nguvu ya sheria nchini Ufaransa ni ile inayofungwa kwa meya. Ibada hufuata baadaye kwa wanaoitaka. Kodi ya mwaka 1804 iliurithi uamuzi wa Papa kwa lugha ya kidunia. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa, isipokuwa wale waliotokana na uzinzi au na maharimu, walipewa hadhi ya watoto wa ndoa iwapo baba na mama yao wataoana, mradi wawe wamewatambua kisheria kabla ya ndoa au katika hati ya ndoa yenyewe. Kitambaa kikawa karatasi.

Lakini karatasi ni gharama, na waliohitaji njia hii walikuwa hasa maskini wa mijini: vibarua waliotoka mikoa ya mbali, waliokaa pamoja miaka mingi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, ridhaa iliyoandikwa ya wazazi walioachwa kijijini, na ada ya mihuri. Mwaka 1826 Jules Gossin alianzisha mjini Paris chama cha hisani cha Saint-François-Régis, ambacho kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu hao hati zao ili waoane na watoto wao wapate hadhi. Tarehe 10 Desemba 1850 ikatungwa sheria iliyoitaja nia hiyo waziwazi katika kichwa chake: kurahisisha ndoa za mafukara, kuwapa hadhi watoto wao wa nje ya ndoa, na kuwatoa watoto hao katika nyumba za kulelea walimokuwa wamewekwa. Hizo ndizo zilizokuwa arusi za wazazi za karne ile. Vitabu vya adabu havikuwa na kanuni ya kadi kwa ajili yao, na mtu aliyesaidiwa hata ada ya muhuri hakuwa mteja wa mchora chapa. Tunalitaja hili kwa kirefu kwa sababu mfasiri anayedhani kwamba Wafaransa daima walizitangaza arusi hizi kwa furaha atakosea kipimo cha furaha iliyomo katika kadi ya leo.

Mabadiliko ya sheria yalikwenda polepole, kisha yakaharakisha. Sheria ya tarehe 3 Januari 1972 iliweka msingi wa usawa kati ya mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa, na sheria ya mwaka 2001 ikaondoa upungufu uliokuwa umesalia katika urithi wa watoto waliotokana na uzinzi. Amri ya tarehe 4 Julai 2005, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, ilifuta hata yale majina mawili ya watoto. Na pamoja nayo ikafutika ile taratibu ya kuwapa hadhi kwa ndoa ya wazazi, kwa kuwa hapakuwa tena na hadhi ya kuongezewa. Mienendo ya watu iliitangulia sheria. Mwaka 1980 watoto waliozaliwa nje ya ndoa nchini humo walikuwa kama asilimia 11 ya wote. Mwaka 1990 walifikia asilimia 30. Na tangu mwaka 2007 wamekuwa zaidi ya nusu.

Katika hali hiyo ndipo lilipoenea umbo jipya la kadi. Watoto wakachukua nafasi iliyokuwa ya mababu: majina yao huandikwa juu, na kwa sauti yao wanasema wana furaha kuwashirikisha watu habari ya ndoa ya baba na mama. Wengine huongeza neno la utani kwamba sasa imewadia. Utani huo unapendeza kwa sababu umbo lenyewe ni la zamani na limepinduliwa. Wadogo wanatumia kauli ya wazee, kana kwamba ridhaa ilikuwa yao kuitoa. Anayesoma bila kulijua umbo la zamani huona ucheshi wa watoto tu, na ucheshi mtupu ni mgumu kuufasiri.

Turudi basi kwenye Kiswahili, ambako ugumu wetu hasa ulikuwa katika kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi au walii huoza. Kauli hizi tatu zimegawana madaraka kwa namna ambayo haimwachii mtoto nafasi. Ukisema "watoto wanaoza wazazi wao", msikilizaji atacheka kwanza, kisha atauliza juu ya sheria. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto wa kiume hawi walii wa mama yake kwa sababu ya kuwa mwanawe tu. Kwa hiyo kauli hiyo si utani tena. Ni dai la madaraka ambayo mtoto hanayo. Mmoja wetu alipendekeza "tunashuhudia ndoa ya wazazi wetu". Nalo halikufaa. Shahidi wa ndoa ni cheo cha sheria, na huko Ufaransa shahidi sharti awe ametimiza miaka 18. Wawili kati ya watoto hawa hawajafika umri huo.

Tuliamua kutumia kauli ya kutendana: "wanaoana". Kauli hii ina faida ambayo hatukuitazamia. Haina mtoaji wala mpokeaji, na kwa hiyo haimhitaji mzee wa kunena wala haimpandishi mtoto kwenye kiti cha mzee. Watoto wanabaki na kazi moja tu, ambayo ni ya kuarifu. Na katika Kiswahili mtoto kupeleka habari za nyumbani kwa jamaa ni jambo la kawaida kabisa. Tangu zamani watoto na vijana wametumwa kupita nyumba kwa nyumba kusema, "Baba anakuita," au "Nyumbani kuna shughuli."

Jina la kadi nalo lilitusumbua. "Tangazo la ndoa" lingekuwa jepesi, lakini lina mwenyewe: ni yale matangazo yanayosomwa kanisani au kubandikwa ofisini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa siku 21 kabla. Huko Ufaransa tangazo hubandikwa kwa meya kwa siku 10. Hayo ni mambo ya sheria, na kadi haiombi pingamizi la mtu. "Waraka" tuliukataa kwa kuwa maofisini umekwisha kuwa mali ya serikali, na hakuna apendaye kuarifiwa arusi kwa waraka. Tumependekeza "arifa ya arusi" kwa *faire-part*, na "mwaliko" ubaki kwa kadi ya karamu. Twajua kwamba wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura mara nyingi hulitumia neno la Kifaransa lenyewe, wala hatuna nia ya kuwanyang'anya.

Pendekezo la "arusi ya wazazi" likiwa peke yake lilizua utata mwingine. Wasomaji wengi wa kwetu wakikutana na maneno hayo hufikiri habari ya jubilei ya ndoa ya miaka 25 au 50, ambapo watoto ndio huandaa shughuli. Mwingine, aliyezoea "wodi ya wazazi", alituuliza kwa mzaha kama bibi arusi yuko hospitali. Ndiyo maana tulishikilia kwamba kitenzi kiwe wazi: baba yetu na mama yetu wanaoana, tarehe fulani, mbele ya meya wa mji fulani.

Tunafika sasa kwenye neno lililomshtua yule bibi, nalo ni "kuhalalishwa". Kifaransa kina neno la sheria lenye asili ya Kilatini linalomaanisha tu kuwa jambo fulani limo ndani ya sheria. Kiswahili kikilipokea kwa "halali", hupokea pia mwenzake, "haramu", ambalo halikualikwa. Kutoka hapo hadi tusi la "mwanaharamu" ni hatua moja, na watoto watatu walioandika kadi wangekuwa wamejitukana wao wenyewe mbele ya ukoo mzima. Kwa maandishi ya historia ya sheria, ambako ile taratibu ya Kodi ya mwaka 1804 haina budi kutajwa, twashauri isemwe "kumpa mtoto hadhi ya mtoto wa ndoa". Ni maneno mengi, lakini hayamwumizi mtu. Katika kadi neno hilo halitakiwi kabisa, kwani tangu mwaka 2006 sheria ya Ufaransa yenyewe imeliacha.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo Mfaransa aliyechapa kadi hakulijua. Mahari ya mama huyu ilikwisha kupokewa Kigoma miaka mingi iliyopita, na kwa jamaa zake yeye ni mke wa mtu. Hata sheria yetu ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2017 Serikali ya Burundi iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa ya sheria waiandikishe kabla ya mwaka kwisha, na wazazi wengi wakajikuta mbele ya ofisa wa serikali wakiwa na watoto wakubwa. Huko Lyon, "hatimaye" ni kicheko. Kigoma ni shutuma, kwa maana linadai kwamba hadi siku hiyo hapakuwa na kitu. Mfasiri alitushauri kulibadili kuwa "kubariki ndoa", usemi ambao Wakristo wengi wa Tanzania huutumia kwa wenzi waliokwisha kukaa pamoja wanapokwenda kanisani. Ni usemi mzuri, wenye kuficha aibu bila kusema uongo. Ila kwa meya hapabarikiwi kitu. Ungefaa tu kama familia ingekuwa na ibada baadaye, nayo haikuwa nayo.

Lililobaki ni majina. Kadi ya Kifaransa iliwataja wazazi kwa majina yao ya kwanza, kavu. Kwetu mtoto hafanyi hivyo hata akiwa na miaka hamsini. Hapa lugha yetu ilikuwa na akiba ambayo Kifaransa hakina: mtu akishapata mtoto, jirani humwita kwa jina la mtoto huyo, Baba Fulani, Mama Fulani. Jamaa wa Kigoma walikuwa wakimwita bibi arusi huyu kwa jina la kifungua mimba wake kwa miaka kumi na saba. Basi jina la mtoto lililoandikwa juu ya kadi kama mnenaji ndilo hilohilo ambalo ukoo unalitumia kumtambulisha mama. Hapo watoto walipata haki ya kunena bila kuiba cheo cha mtu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba watoto walitangulia arusi. Kila anayemsalimu mama yao huwataja.

Maneno tuliyompelekea mfasiri yalikuwa haya: "Sisi Fulani, Fulani na Fulani tunawaarifu kwa furaha kwamba baba yetu, Bwana Fulani, na mama yetu, Bibi Fulani, wanaoana mbele ya meya wa Lyon." Alitujibu baada ya wiki mbili. Familia iliyakubali yote isipokuwa "Bwana" na "Bibi", ambayo mtoto mkubwa aliyaona ya ofisini mno. Mahali pake waliandika "Baba yetu mpenzi" na "Mama yetu mpenzi", nasi hatukuwa na hoja ya kuwapinga. Upande wa Kifaransa lile neno la utani lilibaki kwa herufi kubwa. Upande wa Kiswahili nafasi yake iliachwa, na mchapaji akaweka ua.